Mikutano Ambayo Haikuitishwa

Nakiri, wivu uliniponza. Kampuni yetu ya wakulima wa mananasi hapa Kiwangwa ilimpa Mwanaidi ukatibu wangu, na sifa zote zikawa zake. Niliposikia yuko mahakamani kwa sababu ya mikutano ya mwaka isiyofanyika, nikajua kashitakiwa. Nikavaa kanzu ya Idi, nikaenda kuishuhudia aibu yake.

Kumbe alikuwa akiiombea kampuni msamaha kwa kutoifanya mikutano hiyo. Wakili wa kampuni alipomsifu kwa kuligundua kosa, nikashindwa kuvumilia, nikasimama.

"Mheshimiwa, huyu hajaitisha mkutano hata mmoja!"

"Ameanza kazi lini?" akauliza jaji.

"Mwezi uliopita."

"Na miaka hiyo yote, katibu alikuwa nani?"

Wanahisa wote waliokuja kusikiliza wakageuka kunitazama. Mwanaidi akaficha kicheko kwa mtandio.

"Mimi, Mheshimiwa."