Kabichi za Manowari

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, kuliko hata siku ya uhuru, ni ile niliyotoroka ndani nikiwa mwali, nimepakwa singo mwili mzima, nikaenda bandarini kutazama manowari. Usicheke bado. Ukianza kucheka sasa utaishiwa pumzi huko mbele.

Kwanza nikweleze hali ilivyokuwa. Ilikuwa miaka ya hamsini, zama za Mwingereza, na kwetu ni hapa hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya Nane. Baba yangu alikuwa serahangi wa matishari, yaani msimamizi wa mabaharia wake, maana meli kubwa zilikuwa hazifungi gatini. Zinatia nanga katikati ya maji, na mkonge unapelekewa huko huko kwa tishari. Mabaharia walikuwa wakimpa magazeti yao ya zamani yenye picha, naye anamletea mama awashie moto. Hayakufika jikoni. Niliyashika mimi, nikayatazama picha baada ya picha, Kiingereza sijui hata neno moja, mpaka nikazijua manowari kama wenzangu walivyojua mishono ya magauni.

Mimi nilipenda meli, mwanangu. Watu wakisikia hivyo wanadhani nilipenda bahari, au safari. Wala! Bahari maji tu. Nilipenda chombo chenyewe. Nikisikia honi, niko uani nachambua mchele, nakwambia hii ya mkonge, hii ya abiria, hii imeleta saruji na nahodha wake ana hasira. Lakini manowari ndiyo iliyonimaliza. Meli ya mizigo imenenepa, imejaa kamba na vyuma vya kunyanyulia magunia. Manowari imekonda. Rangi ya majivu toka omo kule mbele mpaka tezi kule nyuma, mizinga miwili miwili imelala mbele, dohani za moshi zimeegemea nyuma kidogo, utadhani inakwenda mbio na kumbe nanga iko chini. Hakuna kitu kilichowekwa pale kwa ajili ya urembo, na yote ni urembo. Tazama mkono wangu huu, nasema tu na vinyweleo vimenisimama. Bibi mzima!

Sasa, msichana wa Ngamiani wa wakati ule anampelekea nani habari kama hizo? Nilinyamaza nazo. Nikaposwa, nikanyamaza nazo vilevile. Mposaji alikuwa Bwana Salimu, wa Nguvumali. Sura yake siijui. Niliambiwa ana kazi ya serikali, basi, na yeye akaambiwa mimi ni mtulivu. Ndiyo ilivyokuwa siku zile, kila mtu anaelezwa mwenzake kwa neno moja au mawili.

Nikawekwa ndani chini ya ulinzi wa somo wangu, Bi Tatu. Somo ndiye anayemfunda mwali, na huyu alikuwa na mwili wa watu wawili na sauti ya watu wanne. Alinifunda kukaa, kunyamaza, kufukiza udi, na jinsi ya kumwitikia mume hata kama nimemkasirikia. Kila asubuhi ananisugua singo: manjano, karafuu, mawaridi, mpaka mpita njia barabarani alikuwa anajua kuwa nyumba ile ina mwali.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Jumanne, baada ya chakula cha mchana, Bi Tatu kajilaza, anakoroma, mara nikasikia honi. Honi ile sikuwahi kuisikia. Fupi, kavu, haina maneno mengi. Huko nje watoto wakaanza: "Manowari! Manowari!"

Nikajiambia, Mwanaidi, tulia. Nikajijibu, nitulie mpaka lini? Ijumaa naolewa, Jumamosi niko Nguvumali, na Nguvumali hakuna bandari. Manowari naiona lini tena mimi?

Buibui langu walikuwa wamelificha, ndiyo desturi ya mwali. La Bi Tatu lilikuwa limetundikwa msumarini. Nikalivaa. Nikalikunja kiunoni, nikalikunja tena, bado linaburuta. Nikafunika mto shuka kitandani, nikatokea mlango wa uani, nikashika njia.

Mwanangu, ilikuwepo. Nilipofika pale juu ya bandari na kuiona imekaa katikati ya maji, nilisahau kuwa mimi ni binti wa mtu. Ilikuwa na dohani mbili, na mlingoti wenye lile tundu la waya la kuzungukazunguka nililoliona magazetini, siku hizi wanaliita rada, na kweli lilikuwa linazunguka! Mabaharia wamevaa nyeupe wamejipanga ubavuni, filimbi inapigwa, bendera zinapanda. Nilijifunika uso nikabaki macho tu, na macho yenyewe yalikuwa yananitoka machozi ya furaha.

Watu walikuwa wengi. Muuza kahawa mmoja mzee alikuwa akipita na dele lake, akasimama karibu yangu, akanusa. "Jamani," akasema, "hapa pananukia harusi." Nikasogea.

Niliposogea nikaangukia kwa kijana mmoja mrefu, kofia ya kiua, shati safi lakini viatu vimeingia mafuta. Alikuwa anawaeleza watu, na watu wamemzunguka. Kule tezi, nyuma ya mzinga wa mwisho, palikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Akasema, "Mnaliona lile turubai? Mle ndani mna ndege."

"Ndege?" watu wakauliza.

"Helikopta. Imekunjwa mapanga yake juu. Ile haihitaji uwanja, haihitaji kukimbia. Inainuka pale ilipo, inasimama hewani, rubani anakunywa chai, inashuka pale pale." Akaieleza helikopta ile kwa mikono yote miwili, na shingo, na midomo akiunguruma, macho yanamwaka. Sikuwahi kumwona mtu mzima akifurahi vile kwa kitu kisicho chake.

Ningenyamaza. Bi Tatu alinifunda kunyamaza wiki nzima. Lakini alikuwa amekosea, na manowari ni mambo yangu.

"Si ndege ile," nikasema.

Akageuka. Akaona buibui kubwa na macho mawili. "Eti?"

"Ndege ikikaa pale, ule mzinga wa nyuma utageukia wapi? Wataipiga wao wenyewe. Ile ni motoboti ya nahodha."

"Dada yangu," akasema, kwa adabu lakini kaumia, "wewe unajua ndege?"

"Ndege sijui. Na wewe meli hujui. Motoboti ya nahodha haiachwi juani rangi ikababuka, inafunikwa."

"Ile ina kimo gani hiyo motoboti? Nahodha ni twiga?"

"Na helikopta imekaa bapa hivyo, imekanyagwa na nani?"

Watu wakacheka, wakagawanyika. Hawa wa ndege, hawa wa motoboti. Yeye anasema mapanga, mimi nasema mzinga. Nilipaza sauti mimi, mwanangu, mwali wa Ijumaa, mbele ya wanaume wa mji mzima! Muuza kahawa akaweka dele chini akasema tusigombane, atakayeshindwa atawanywesha watu kahawa.

Ikawa kama mabaharia wametusikia. Wakaja wawili pale tezi, wakafungua kamba, turubai likavutwa. Wote tukanyoosha shingo.

Kabichi.

Kabichi za Lushoto, mwanangu, zimepangwa mlima mzima. Kumbe lori lilishuka nazo asubuhi, tishari likazipeleka mara manowari ilipotia nanga, ndiyo wanaziingiza jikoni. Mabaharia wakajipanga mstari wakawa wanarushiana, moja moja, manowari ya Malkia na mizinga yake yote.

Halafu yule kijana akacheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. "Helikopta ya Lushoto!" akasema, anajifuta macho. Nami nikacheka, nimeshika mbavu ndani ya buibui la watu. Na nitakwambia bila haya, kwa umri huu haya za nini: nilimpenda pale pale. Papo hapo nikaogopa, maana Ijumaa naolewa na mtu mwingine, mwenye kazi ya serikali.

Muuza kahawa, kumbe anamfahamu, akamgongea vikombe. "Haya, bwana harusi, wote wawili mmeshindwa, lakini mwanamume ndiye mlipaji."

"Unaoa?" nikauliza.

"Ijumaa, inshallah. Binti wa serahangi wa matishari, Barabara ya Nane. Mimi mfanyakazi wa uwanja wa ndege tu, nasukuma mapipa ya mafuta, lakini wamenikubali." Kisha akaongeza, kwa fahari ya ajabu, "Wanasema ni mtulivu mno. Hata dirishani hachungulii."

Yaa Rabi! Kazi ya serikali yenyewe ndiyo ile, na sasa nilijua mafuta ya viatuni yametoka wapi. Nikageuka niondoke polepole, kwa utulivu ule niliosifiwa. Ndipo niliposikia watu nyuma wanapisha njia.

Bi Tatu alikuwa anakuja, amefuata harufu ya singo toka Barabara ya Nane. Buibui lake nimelivaa mimi, na yeye ni mwanamke wa heshima, hawezi kutoka vivi hivi. Alikuwa amejifunga pazia la mlango. Pazia la maua mekundu, na pete za waya bado zinaning'inia, zinalia kila hatua.

"Mwanaidi!" Sauti ile ya watu wanne. "Mwanaidi binti serahangi! Mwali wa Ijumaa! Umeniachia mto kitandani nadhani ni wewe?"

Nilimtazama yule kijana. Akavua kofia, akainama mbele ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Bi Tatu, maana salamu haikataliwi, kisha akanikamata mkono akanikokota. Hakuniita, hakucheka. Nilipogeuka kona alikuwa bado amesimama na kofia mkononi.

Nyumbani nililia mpaka singo ikachuruzika. Akinikataa, baba ataulizwa sababu, na sababu itakwenda mji mzima: mwali katoka ndani kubishana na wanaume juu ya kabichi. Baba hatainua tena kichwa bandarini. Na mimi nitakuwa nimempoteza mtu mmoja mara mbili, maana sasa nilimtaka.

Bi Tatu alinisema mpaka akachoka. Halafu akakaa kitandani, bado na pazia lake, akaniuliza taratibu, "Unazipenda hizo meli kweli?" Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi. "Basi sikiliza. Kama ni mtu wa kukuacha kwa ajili ya meli, na akuache Jumanne hii. Asije akakuacha una watoto wanne." Kwa baba hakusema, wala kwa mama. Alirudisha pazia mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, na wala halikukaa sawa tena.

Jumatano kimya. Alhamisi akaja shangazi yake Salimu, nikajua ndiyo yenyewe. Kumbe kaja kuazima sufuria la pilau.

Ijumaa ndoa ikafungwa msikitini, nikasikia vigelegele, hata hapo sikuamini. Mtu anaweza kuoa kwa kuogopa aibu, kisha akakununia maisha. Nikakaa chumbani, hina mikononi, macho chini. Bi Tatu kasimama mlangoni, maana bwana harusi hapiti mpaka amlipe somo ada yake. Nikasikia anampa kitu, nikasikia Bi Tatu kaguna. Alikuwa amemletea kitambaa cha pazia. Kipya, maua mekundu.

Akaingia. Kwetu bwana harusi humpa mkewe zawadi ya kumshika mkono mara ya kwanza, ndiyo kipamkono. Watu hutoa pete, bangili. Salimu akaniwekea mapajani kitu kizito, cha mviringo, kimefungwa kwa hariri. Nikakifungua.

Kabichi. Na katikati ya majani yake, pete.

"Waliniambia hata dirishani huchungulii," akasema. "Nilikuwa nawaza nitakaaje na mtu huyo. Namshukuru Mungu ilikuwa uongo."

Nilitakiwa ninyamaze, nilifundwa hivyo. Nikainua macho nikasema neno langu la kwanza kama mke: "Lakini si helikopta."

Tuliishi hivyo, mwanangu, yeye macho juu, mimi macho baharini. Ndege ikipita ananiita nje, na ugali unaungua. Meli ikiingia nampandisha baiskeli toka Nguvumali mpaka bandarini, na mvua inanyesha. Miaka mingi. Sasa hayupo, na ndege zikipita bado natoka nje kuzitazama kwa niaba yake. Namkumbuka mno.

Basi nasaha yangu ni hii, na sina nyingine. Nimesikia unachumbiwa, na nimesikia umeficha chini ya kitanda vile vitu vyako unavyovipenda, eti usije ukaonekana wa ajabu. Vitoe. Mwenzio asimuoe mtu uliyemtunga, maana huyo aliyetungwa hatakuwepo nyumbani siku ya pili, na wewe halisi utakuwa umejifungia chumbani kwako. Mwonyeshe mapema kinachokutoa machozi ya furaha. Cha kwake nacho kitazame, hata kama ni ndege na wewe ni wa meli. Na mkikosea wote wawili, mtazame vizuri anavyocheka.

Haya, nenda. Mungu akupe mwenza wa kubishana naye mpaka uzeeni, akujaalie nyumba isiyo na mtu wa kujificha ndani yake. Na siku ya harusi yako nitakuja, inshallah, na zawadi yangu usiifungue mbele ya watu. Ni nzito, na ni ya mviringo.