Mama Mkwe Mbele ya Hakimu

Juzi nilikuwa tribinali, hapa Uvira. Mjane mmoja wa Kilibula alishtakiwa na mashemeji zake wawili, waliotaka kumtoa katika nyumba ya marehemu mumewe. Hakimu akauliza nani anajua nyumba hiyo ilijengwa na nani. Mama yao akasimama, akakaza kitenge kiunoni.

«Muheshimiwa, hawa ni batoto yangu. Lakini hii nyumba, marehemu aliijenga na huyu bibi yake. Niliwaona bote babili banabeba matofali.»

Mwana mkubwa akafoka: «Mama, weye uko upande gani?»

«Upande wa kweli, mwanangu.»

Nyumba ikabaki ya mjane. Wana wakatoka bila kumuaga mama yao. Nje nikamuuliza kama moyo haumuumi.

«Unaniuma sana,» akasema, akipangusa macho. «Lakini tangu hii mambo ianze, nilikuwa ninaomba, ninaona Mungu iko mbali. Leo, wakati nilisimama pale, nilisikia iko karibu yangu, kama muntu ananishika mukono.»

Akaondoka na mkwewe, wakirudi Kilibula. Na sisi kanisani tunazidi kuongeza sauti ya spika, tukidhani Mungu hatusikii vizuri.