Kaburi la Zizini

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Kila mwaka huwaandikia wanafunzi ubaoni maneno makali ya kulaani uovu: shameful, disgraceful, despicable. Wanayakariri kwa ajili ya mtihani, kisha wanayasahau. Mwenyewe sikuwahi kumwambia mtu hata moja uso kwa uso, mpaka siku ya kikao cha jirani yangu.

Jirani huyo ni mjane wa Kisukuma, tunamwita mayu, yaani mama. Mumewe alizikwa ndani ya zizi la ng'ombe, kama azikwavyo mwenye mji. Mayu alipolazwa hospitali ya Kolandoto, vibarua wa mchimbaji mmoja wa kigeni waliufuata mwamba wa dhahabu mpaka zizini kwake. Aliporudi alikuta shimo pale pale, na mifupa ya mumewe imetiwa kwenye mfuko wa saruji, ikaegemezwa ukutani. Hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo.

Kijiji kiliitisha kikao, nami nikaombwa kumtafsiria mchimbaji kwa Kiingereza. Mayu alizungumza Kisukuma, taratibu, bila kulia. Alisema aliyefanya vile hana utu, na kwamba anataka shimo lifukiwe, mumewe arudishwe mahali pake. Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti wa kijiji aliniinamia sikioni.

"Mwalimu, lainisha kidogo. Sema halikuwa jambo zuri. Huyu ni mgeni wetu."

Mgeni! Mgeni gani anamfukua mwenyeji wake? Nilimgeukia yule mchimbaji nikamwambia kwamba alichofanya ni disgraceful, tena ni despicable, kisha nikamweleza anachotaka mayu. Sikumeza neno. Mwenyekiti alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mchimbaji hakukasirika wala hakuona haya. Alitazama saa yake, akasema ni unfortunate, na kazi itaendelea. Neno la mtu aliyeachwa na basi!

"Amesemaje?" mayu aliniuliza.

"Anasema ni bahati mbaya. Shimo hawalifukii."

Mayu alimtazama mchimbaji. "Muulize, ni bahati ndiyo iliyoshika sululu?"

Nikamuuliza. Mwenyekiti akafunga kikao kabla mchimbaji hajajibu.

Jioni ile tulimzika upya mume wa mayu, nje ya zizi lake mwenyewe, kwa sababu ndani vibarua walikuwa kazini.