Posa Yangu na Goti la Baba

Watu wa mtaani kwetu Izia wanasema posa yangu aliivunja mama. Wanasema kwa sauti, kwa sababu wanajua mama hasikii, na wanasahau kwamba mimi nasikia. Nikifika gengeni naambiwa pole, nikishageuza mgongo yanaanza mengine. Sibishani nao. Wale wageni kweli waliondoka na hawakurudi, hilo halina ubishi. Ila aibu ya siku ile ninayo mpaka leo, na si mama aliyenitia.

Wazazi wangu wote wawili ni viziwi. Baba aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la nne. Yeye akapona, masikio yakabaki hukohuko. Kwa hiyo baba anaongea. Sauti yake ni nzito, haipandi wala haishuki, lakini ukimzoea unamwelewa, Kiswahili na Kifipa. Ni fundi seremala, anapiga randa uani kwetu tangu sijazaliwa, na majirani wanampenda kwa sababu ukitaka kumsema unamsema palepale pembeni yake. Mama alizaliwa hasikii, kule Mollo. Anaongea kwa mikono, na anaongea kwelikweli. Mimi na baba tukichoka kugombezwa usiku tulikuwa tunaomba umeme ukatike, maana gizani hata mama hana la kufanya.

Mimi ndiye mtoto wao pekee, na nasikia. Tangu nikiwa mdogo maneno ya watu yalipita kwangu kwanza ndipo yafike kwao. Dukani, zahanati, kwa mwalimu mkuu, kwa mjumbe, kote nilisimama katikati. Na nilikuwa nayachambua kama unavyochambua maharage kabla ya kuyabandika, mawe natoa. Mwanamke wa sokoni akimwita mama lile bubu, mimi namwambia mama kwa mikono kwamba huyu anasifia maharage yako. Mama anamtabasamia, anamwongezea kiganja kimoja juu ya kipimo. Nilijiona nina akili kuwazidi wote wawili.

Lakini niliwaonea haya. Mama akicheka anatoa sauti kubwa inayokwaruza, na siku moja kanisani kwetu watu wa mabenchi ya mbele waligeuka kutazama. Mimi niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta wimbo kitabuni. Sikumwambia kitu, lakini mama ni mtu wa macho, haambiwi. Tangu wakati ule akicheka mbele za watu anaziba mdomo kwa khanga.

Basi nikampata mchumba. Ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao Mpui, mtaratibu, anavaa koti hata jua likiwaka kama Wafipa wote wanaojiheshimu. Alikuja nyumbani mara nyingi. Alijifunza kuwaamkia wazazi wangu kwa mikono, akajifunza na ishara ya chakula kitamu, mama akampenda hapohapo. Akija, anawekewa ugali wa ulezi na kipande kikubwa cha samaki, mgebuka, na mimi binti wa nyumba nabaki na mkia.

Siku moja, tukiwa tunanunua vitu vya posa, nilimuuliza kwao amewaambia nini kuhusu wazazi wangu. Akacheka kidogo. Akasema amewaambia baba yangu hasikii vizuri. Nikamuuliza, na mama? Akasema amewaambia mama ni mpole, mtu wa kimya. Mama yangu, mpole! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ningeweza kumwambia arudi kwao akaseme vizuri. Sikumwambia, na moyoni nilifurahi kwamba amelipunguza, limekuwa jambo dogo la kubebeka.

Kwetu, siku ya posa binti hukaa chumba cha ndani na shangazi yake mpaka aitwe. Haonekani, hasemi. Hapo ndipo shida ilipokuwa: mdomo wa nyumba unafungiwa chumbani siku ambayo unatakiwa zaidi. Mama alisema aitwe dada mmoja wa kanisani anayejua lugha ya alama, akae sebuleni atafsiri. Baba akakataa, na mimi nikamuunga mkono haraka kuliko inavyofaa. Tulisema ni mambo ya kifamilia. Ukweli ni kwamba hatukutaka wageni waone mikono ikirushwa tangu wanavua viatu.

Baba mdogo, anayesikia vizuri na anayependa kuonekana ana mipango, ndiye aliyetukwamua. Alisema yeye ndiye atakuwa msemaji, atakaa bega kwa bega na baba. Mshenga akimuuliza baba jambo lolote, yeye atamgonga goti kwa chini: kugonga mara moja, baba aitikie kwa kichwa, mara mbili, akatae. Mama atakaa na akina mama na kutabasamu. Walifanya mazoezi jana yake, baba akiwa ameshika uso wa heshima, na kwa kweli walipendeza. Mama aliwatazama, kisha akaniuliza, na yeye akiwa na la kusema je? Nilimjibu kwamba kwenye posa akina mama hawasemi. Akarudi kwenye sufuria zake.

Wageni wakaja, Julai, baridi ya kukata masikio. Mimi niko ndani na shangazi nimefunikwa kitenge kipya, nasikia kila kitu ila sioni. Wazazi wangu wako sebuleni, wanaona kila kitu ila hawasikii. Shikamoo zikaenda vizuri. Mshenga akasifia nyumba, akasifia makochi ambayo baba aliyatengeneza mwenyewe. Baba mdogo akajibu kwa maneno mazuri. Nikaanza kupumua.

Mshenga akasema kabla hawajaendelea wangependa kumsikia mzazi mwenyewe. Akauliza, kuna mtu mwingine aliyetangulia kuleta posa kwa binti huyu? Sasa baba mdogo alikuwa anakohoa kwa ile baridi, na kikombe chake cha chai kilikuwa upande wa baba. Akakiinamia. Mkono wake ukagusa goti la baba. Na baba, mzee wa watu, aliyefanya mazoezi yake vizuri, akaitikia kwa kichwa taratibu na kwa heshima zote.

Haya nimesimuliwa baadaye. Nilichosikia mimi ni mshenga akisema kwa sauti ya chini kwamba mzee amekubali, yupo aliyetangulia. Baba mdogo akaruka, hapana, hapana jamani, hayupo. Nadhani hapo akagonga goti mara mbili, maana nilisikia watu wakiguna. Mshenga akauliza tena, yupo au hayupo? Baba mdogo alishachanganyikiwa, anagonga tu, na baba anafuata, mara anakubali, mara anakataa. Sauti ya mzee mmoja ikasema kwamba huyu bwana anatuchezea.

Shangazi alinishika kitenge. Kilibaki mkononi mwake. Nilitokea sebuleni kabla sijaitwa, mbele ya wakwe, na kumwambia baba kwa mikono kilichoulizwa na alichojibu. Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka vile. Wageni waliitazama mikono yangu, wakamtazama baba, wakatazamana. Mchumba wangu alikuwa anatazama sakafu.

Yule mzee aliyelalamika alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu. Hakuwa mtu mbaya, na hakupaza sauti. Aliuliza kama wazazi wangu wote wawili hawasikii. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, na swali lile nililipeleka kwa mikono, baba na mama wakaliona kwa pamoja: ni la kuzaliwa, au ni la kuugua?

Baba alimjibu mwenyewe, kwa mdomo, ameelekea kwa yule mzee na amempa mama mgongo. Alisema, "Mimi niliugua nikiwa darasa la nne. Nilizaliwa nasikia. Na mke wangu naye aliugua, utotoni. Kwenye damu hakuna kitu."

Kazi yangu ilikuwa kumpelekea mama maneno hayo. Mikono yangu haikunyanyuka. Niseme wazi kilichokuwa moyoni: nilifarijika. Niliona uso wa yule mzee umelegea, nikawaza kwamba uongo mdogo tu, wa baba, si wangu, na mambo yanapita. Mama akapiga sakafu kwa kisigino, kama anavyofanya akitaka nimtazame, akaniuliza baba yako amesema nini. Nikageuza macho kwenye sahani za maandazi.

Hakuniuliza mara ya pili. Alimsogelea baba, akasimama mbele yake, akamuuliza yeye. Sebule nzima ikimtazama, baba ikabidi aseme kwa mikono yake mwenyewe maneno aliyoyatoa kwa mdomo. Aliyasema chinichini, karibu na tumbo, kama mtu anayenong'ona: nimewaambia uliugua.

Mama alimwacha pale alipo. Kisha akaja kwangu, akanigeuza niwatazame wageni, akaweka kiganja chake mgongoni kwangu, katikati ya mabega. Alikuwa anafanya hivyo nikiwa mdogo nikimsemea dukani. Kwa kiganja anajua kama sauti yangu inatoka. Kama inatoka tu. Ninachosema hawezi kukijua. Akaanza kusema kwa mkono mmoja, mbele ya macho yangu, polepole, kama anayezungumza na mtoto.

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema mama anawakaribisha wageni na anawashukuru kwa safari, na kiganja chake kingeridhika. Baba anajua kusoma midomo kidogo, lakini alikuwa ameinama. Mule ndani hakuna mtu mwingine ambaye angejua. Na nilimkasirikia mama, Mungu anisamehe, nilimkasirikia kuliko baba aliyedanganya. Nilitaka anyamaze siku moja tu katika maisha yangu.

Nikasema. Nilisema kama nilivyozoea kumsemea, maneno ni yake na mdomo ni wangu: "Mimi sikuugua. Nilizaliwa hivi. Kaka yangu naye alizaliwa hivi, na bibi yetu mzaa baba. Binti huyu nimemzaa mimi. Kama mnamtaka, mchukueni mkijua alikotoka." Sauti yangu ilitetemeka, na kiganja cha mama lazima kilisikia, kwa sababu alikikandamiza zaidi.

Mshenga akashukuru, akaomba nafasi ya kuteta nje. Wakatoka wote, wakasimama uani kando ya mbao za baba, upepo unapiga mabati. Sisi tukabaki na chai yao. Baba mdogo akawa anapanga vikombe ambavyo havikuhitaji kupangwa. Baba hakuinua uso. Mimi nilijibana kwenye pembe ya kabati, karibu na dirisha. Mama akaketi kwenye kochi, ameelekea dirishani, mikono mapajani.

Walikuwa wanaongea bila kupunguza sauti. Kwa muda mfupi walishazoea kwamba nyumba hii haisikii. Yule mzee alisema binti amelelewa vizuri, hana neno naye, lakini wao watakuja kulea mabubu. Mama mmoja akasema hata ukiwachanja dawa hilo halitoki. Mwingine akasema jamani, ni watu kama sisi, ila hakuendelea. Mshenga ndiye aliyesema basi tumuulize kijana mwenyewe, ndiye mwenye kuoa.

Hapo nilitega masikio kama sijawahi kuyatega. Nilimngojea. Sikutaka aseme mengi, hata angesema tu kwamba ishara ya chakula kitamu anaijua. Nilisikia mabati, nikasikia mtu akikohoa, nikasikia kiatu kikisugua vumbi la mbao. Mshenga akamwita tena kwa jina. Upepo ukapita. Mwisho yule mzee akasema basi, hayo tutayaongea nyumbani, twende tukaage.

Mama alinipungia nimtazame. Akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanashauriana, mambo ya kawaida. Akauliza, na mchumba wako amesema nini?

Mikono yangu ilikuwa tayari kabla sijafikiri. Nilimwambia, anatutetea. Nikamwambia, amesema ananitaka mimi na wazazi wangu, hivihivi tulivyo. Nilizisema ishara zile vizuri, wazi, na tabasamu niliweka.

Mama alinyoosha mkono, akanionyesha dirisha. Pazia lilikuwa limesogezwa tangu asubuhi ili mwanga uingie, na nje, kando ya mbao, mchumba wangu alikuwa amesimama uso kwetu, mikono mifukoni mwa koti.

"Nimemtazama tangu walipotoka," akasema mama. "Hajafungua mdomo."