Boksi la Pembe Nane

Ukipita nyuma ya shule ya msingi kule Nandagala mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, utakuta nyumba tatu za walimu zimekaa kama zimenuniana. Mbili zina makufuli. Ya tatu ni ya Mwalimu Laurencia, na mlango wake uko wazi kwa sababu anahitaji mwanga. Yeye mwenyewe yuko sakafuni, juu ya mkeka, na mbele yake kuna karatasi za manila, rula, wembe, kopo la gundi, na kalamu iliyokwisha wino ambayo huitumia kuchora mistari ya kukunjia. Anatengeneza maboksi ya sikukuu.

Laurencia ni mtu wa Sumbawanga. Alipopangiwa kazi Ruangwa alikuwa na miaka ishirini na sita, na alidhani atakaa miwili au mitatu kisha aombe uhamisho. Huu ni mwaka wa tisa. Anafundisha darasa la kwanza na la pili. Ufundi wa maboksi aliupata chuoni, siku waliyofundishwa kutengeneza zana za kufundishia. Wenzake walitengeneza saa za karatasi na kadi za herufi. Yeye alikata umbo la mchemraba, akalikunja, akashangaa kuona kitu kilichokuwa bapa kimesimama na kupata tumbo. Tangu siku hiyo hakuacha. Krismasi, Pasaka, Idd zote mbili, mtoto wa mwenzake akibatizwa, mwalimu akistaafu, Laurencia hukunja maboksi, akayapamba kwa maua aliyoyakata kwenye kalenda za zamani, akayajaza kashata za ufuta na korosho za kukaanga, akayagawa.

Miaka sita ya mwanzo hakufanya kazi hiyo peke yake. Alikuwa na Fauzia, mwalimu aliyetoka Tunduru, aliyeripoti naye wiki moja na kupewa nyumba moja. Fauzia hakuwa na mkono wa kukata. Wembe ukikaa mikononi mwake mstari unakwenda kombo. Kazi yake ilikuwa kupaka gundi na kukaanga ufuta. Walikaa hivyo mchana mzima, mmoja anakunja na mwingine anabandika, na mara nyingi hakuna aliyesema neno mpaka chai ilipohitajika. Sikukuu ikiwa Idd, Fauzia ndiye aliyezunguka kugawa. Ikiwa Krismasi, Laurencia. Watu wa pale waliyaita "maboksi ya akina mwalimu", wala hawakutofautisha.

Kisha Fauzia akaolewa na Bakary, mnunuzi wa mbaazi na ufuta wa Chiola, wilaya ya Nachingwea, naye akahamishiwa shule ya huko. Laurencia ndiye aliyetengeneza maboksi ya harusi, mia na ishirini, rangi ya zambarau. Nachingwea na Ruangwa zimepakana, na siku ya kuagana walicheka kwamba huo si umbali wa kumlilia mtu. Mwanzo walipigiana simu kila jioni. Baadaye kila Jumapili. Baadaye Fauzia akawa anajibu ujumbe baada ya siku mbili, kwa neno moja au kwa kijimkono cha kuaga.

Mwezi wa Novemba Laurencia alifungua simu wakati wa mapumziko ya saa nne, akaona kwenye picha wanazobandika watu mtandaoni mtoto mchanga amefunikwa kitambaa cheupe, na chini yake wifi mmoja wa Fauzia ameandika, "Alhamdulillah, shangazi nimepata mtoto wa kike." Ilimchukua muda kuelewa kwamba yule ni mtoto wa Fauzia. Alikuwa hajui hata kama Fauzia ana mimba. Akarudi darasani, akafundisha silabi za "ma me mi mo mu", na watoto wakaitikia kwa sauti kama kawaida.

Desemba hiyo alimpigia kaka yake, Ladislaus, aliyebaki kwenye nyumba ya wazazi Sumbawanga. Mama yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

"Nafikiria kuja Krismasi," alisema.

"Ungekuja, dada, lakini kile chumba tumepangisha. Ungelala wapi? Labda Pasaka, tutaona."

"Haya. Wasalimie watoto."

"Watasikia. Huko mvua zimeanza?"

"Zimeanza."

Basi, hapo ndipo alipotoa manila kabatini. Alikunja boksi la pembe nane, ambalo hakuwahi kulijaribu. Kila upande aliuwekea ua tofauti, na mfuniko wake ulifunga kwa kulaliana, ukanda juu ya ukanda, kama chipukizi. Mara mbili pembe zilikataa kukutana, akalitupa, akaanza upya. Siku ya nne lilisimama. Akaliweka juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, akageuka kumwonyesha mtu, na ndani hamkuwa na mtu.

Akamtumia Fauzia ujumbe: "Keshokutwa nakuja kumwona mtoto." Jibu lilikuja jioni: "Karibu tu."

Tarehe ishirini na tatu alipanda pikipiki mpaka Ruangwa mjini, akapata gari la Nachingwea. Boksi alilipakata mapajani, ndani ya kapu, amelifunika kanga ili vumbi na manyunyu visilifikie. Njiani watu walikuwa mashambani wakipanda mahindi, na mikorosho ilikuwa imeoshwa na mvua, majani yaking'aa. Mama mmoja aliyeketi pembeni yake aliuliza, "Una keki humo?" Laurencia akasema hapana, ni zawadi. "Ya mtu wako wa karibu, naona," yule mama akasema, "maana umeishika kama yai." Nachingwea alishuka, akaingia sokoni kununua sabuni na doti ya kanga ya mzazi, kisha akachukua pikipiki nyingine hadi Chiola.

Nyumba ya Bakary ilikuwa kubwa, ya bati jipya, na uani kulijaa watu: mawifi, watoto wao, jirani waliokuja kusuka ukili, na mama mkwe, Bi Semeni, aliyekaa kwenye kigoda akichambua mbegu za mbaazi. Fauzia alitoka ndani na mtoto begani. Alikuwa amenenepa usoni, na macho yamechoka. Walikumbatiana, mtoto akiwa katikati.

"Huyu ni mwalimu mwenzangu wa zamani, wa Ruangwa," Fauzia aliwaambia watu.

Laurencia alilisikia neno "wa zamani" likipita, akatabasamu, akapokea salamu. Bi Semeni alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamsemesha Kimwera, kisha akatafuta Kiswahili: "Umetoka mbali. Kaa, mwanangu. Kaa kivulini."

Akatoa boksi. Watu uani wakaligeukia kulitazama. Kisha Mwanawetu, wifi mkubwa, mwanamke mchangamfu mwenye sauti, akalipokea, akasema "Makubwa haya!" akavuta mfuniko kwa nguvu ukachanika upande, na kashata zikaanza kugawiwa. Kila mtu alipata. Zilisifiwa. Watoto wakarudi kuomba nyingine. Fauzia alipata moja, akaila akiwa amesimama, maana mtoto alikuwa analia, na kabla hajaimaliza akaitwa jikoni kuulizwa chumvi iko wapi.

Walikaa hivyo hadi chakula. Laurencia alibeba mtoto, akajibu maswali: ameolewa? Ana watoto? Kwao ni wapi? Huko Sumbawanga wanakula nini? Kila alipogeuka kumsemesha Fauzia, palikuwa na mtu katikati yao. Alikumbuka kwamba njiani alikuwa amepanga vitu vya kumweleza: mwalimu mkuu Edwin aliyehamishwa, paa la darasa la pili, kifo cha mama ambacho kwa simu walikizungumza dakika tano tu. Akaona havina pa kukaa.

Mkaa ulikuwa umelowa na jiko likagoma. Mwanawetu alitupa macho huku na huku kutafuta kitu cha kupepea, akaokota mfuniko wa boksi, akaanza kupepea moto. Maua yalikwenda juu na chini mbele ya jiko. Ua moja, jekundu, lililokatwa kwenye kalenda ya mwaka aliokufa mama yake, lilibanduka likaangukia majivuni. Mwanawetu hakuwa na nia mbaya, na moto ulishika vizuri. Laurencia akajishughulisha na kitambaa cha mtoto. Alipoinua uso, Fauzia alikuwa mlangoni, ameshika sahani, anamtazama.

Saa tisa alisema aende, asije akakosa gari. Fauzia akampa Bi Semeni mtoto, akajitanda kanga, akamsindikiza hadi barabarani. Walitembea bila kusema hadi walipozipita nyumba.

"Nimeliona boksi," Fauzia akasema.

"Ni karatasi tu, Fauzia."

"Mimi unaniambia ni karatasi tu? Siku ngapi?"

"Nne."

Fauzia akasimama. "Hawajui. Kwao kitu kikitumika ndiyo kimependwa. Usiwakasirikie."

"Sijawakasirikia wao." Laurencia alihamishia kapu mkono wa pili. "Mtoto nimemwona kwenye picha ya watu. Darasani nikaingia na chaki sijui naandika nini. Kwa nini hukuniambia?"

Trekta lilipita, likawarushia matope kidogo, wakasogea pembeni.

"Niliandika ujumbe nikaufuta. Nikaandika tena nikaufuta," Fauzia alisema. "Ningekuambia, ungekuja. Ungekuja, ungeniona. Wewe huwezi kudanganywa na uso wangu."

"Bakary anakutesa?"

"Hapana, jamani. Bakary ni mtu mwema. Mama ni mtu mwema. Wote. Asubuhi mpaka usiku wananisemesha, nami nacheka." Akafuta pua kwa pindo la kanga. "Nyumba ina watu tisa, Lau, na sina hata mmoja wa kunyamaza naye."

Laurencia hakuwa amejiandaa kwa hilo. Miezi yote alimchora Fauzia akilini akiwa katikati ya watu, amemsahau, na yeye ndiye aliyebaki peke yake. Alitaka kusema jambo kubwa. Alichosema ni, "Njoo Nandagala, hata siku moja."

"Nitakuja," Fauzia alijibu, na wote wawili walijua kwamba hatakuja karibuni. Kutoka nyumbani sauti ya Mwanawetu ikasikika ikiita, mama mtoto, mama mtoto, anataka nyonyo! Fauzia akamshika mkono, akaubana, akaondoka nusu anakimbia, huku akishikilia kanga kichwani. Laurencia akabaki ukingoni mwa barabara akingoja pikipiki.

Siku ya Krismasi ilinyesha tangu alfajiri. Kwenye kigango walikuwa waumini kumi na wanne, na katekista Benedikto aliendesha ibada kwa sauti ya kushindana na bati. Laurencia alikuwa amebeba maboksi yaliyosalia, madogo ya kawaida, akampa kila aliyekuja. Watu wakashukuru, wakayaficha kifuani yasilowe, wakakimbilia makwao.

Moja alimpelekea Mzee Saburi, mlinzi wa shule, mjane aliyeishi kibandani karibu na lango. Mzee aliligeuzageuza, akalinusa.

"Nirudishe lini hili, mwalimu?"

"Halirudishwi, mzee. Ni lako."

"Na chombo chenyewe?"

"Na chombo chenyewe."

Akatikisa kichwa, hakuamini. Wiki nzima alipomwona alimkumbusha kwamba chombo chake kipo salama, bado hakijapata kitu cha kuwekwa ndani, na kwamba haoni vizuri kurudisha chombo kitupu. Laurencia alichoka kumweleza. Mwisho akamwambia, sawa, mzee, nangoja.

Januari Fauzia alipiga simu, saa kumi jioni. Mtoto alikuwa amelala, na watu walikuwa shambani. "Unafanya nini?" aliuliza.

"Nakata herufi za darasa la kwanza."

"Weka simu chini hapo. Usizungumze. Endelea."

Laurencia akaweka simu juu ya mkeka. Akakata. Upande wa pili alisikia jogoo, na ndoo ikiwekwa chini, na mtu akipumua. Ilikwenda dakika ishirini na tano mpaka salio likaisha. Walifanya hivyo mara tatu mwezi ule, mara moja Februari. Kisha likizo ya uzazi ya Fauzia ikaisha, akarudi kazini, na saa zao hazikukutana tena.

Ramadhani ilipoingia, Laurencia alijaza fomu ya kuomba uhamisho, akaipeleka ofisini kwa mwalimu mkuu mpya. Hajajibiwa. Jioni ya siku hiyo alihesabu nyumba za Waislamu zilizo jirani na shule, akapata kumi na tisa, akaona manila alizonazo hazitatosha maboksi ya Idd. Akafunga mlango, akashika njia ya dukani kabla wenye duka hawajalifunga kwenda kufuturu.