Chaki ya Fundi Rémy

Fundi Rémy Kankolongo alikuwa mtu wa kutazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Ukimsalimia vizuri alijiuliza unataka nini. Ukimletea sahani ya bukari, ugali wa kwao, alingoja kwanza wewe uonje. Kikulacho ki nguoni mwako, alipenda kusema, na alisema hivyo hata harusini.

Tusimcheke. Mwaka 1993 alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa karani wa mgodi, mzaliwa wa Kolwezi kama wenzake wote darasani. Lakini babu yake alitoka Kasai, na mwaka ule hilo lilitosha mtu kufukuzwa Katanga. Majirani waliokula nao Krismasi walikuja na fimbo wakawatoa nje, chungu kikabaki motoni. Familia ililala stesheni wiki tano ikingoja treni, na mama yake akazikwa njiani. Rémy alirudi akiwa mtu mzima, akaweka meza yake karibu na mtaa wa Kapata, akawa fundi wa simu na mashine za michezo ya video.

Sasa balaa lilikuwa limebadili sura. Mgodi ulipanuka kuelekea mtaa wao, na safari hii wa kufukuzwa walikuwa wote, Mkasai na Mkatanga. Kila mtu alijua mambo yanavyokwenda: kwanza wanakuja watu wenye kamashine mkononi, wanatembea wakihesabu hatua, kisha alama ukutani, kisha katapila. Safu tatu za nyumba zilikuwa zimekwisha kwenda.

Mama Mwadi, jirani wa nyumba ya nne, alimletea mashine ya mchezo ya binti yake Mamie, aliyekuwa kitandani na mguu uliovunjika. Mamie alicheza na rafiki zake waliokwisha kuhamishwa mbali. Walikutana kwenye wifi tu, na sasa wifi inashika, inakatika. Rémy akafungua kifuniko, akakuta uzi wa antena umechomoka, akaubana. Pale mezani ikashika vizuri kabisa. Kesho yake Mama Mwadi akarudi: nyumbani inakataa. Rémy akaijaribu, inashika. Aliporudi mara ya tatu, Rémy akaanza kumtazama mikono. Mashine gani hii inayougua nyumba moja tu? Mwanamke huyu anataka niingie kwake kwa sababu gani?

Akaenda, ila kwa masharti: mchana, mlango wazi, na kazi aanzie nje. Alikuwa na mtindo wake. Anatembea na mashine mkononi hatua kumi, anasimama, anaangalia vijiti vya mtandao, anatia alama ya chaki ukutani, kisha kumi nyingine. Fundi mwerevu, lakini siku hiyo akili aliisahau mezani. Alikuwa anatia alama ya tatu, ukutani kwa Kalenga, aliposikia watu nyuma yake.

Kalenga ndiye aliyekuwa mkubwa wa safu yao ya nyumba, na alikuja na watu kama kumi na watano.

“Tata Rémy, unatupima?” akauliza Kalenga, akimwita baba kama ilivyo desturi.

Rémy akaeleza habari za antena na vijiti, wala hakuna aliyemsikiliza. Mtu mmoja akasema chinichini kwamba Mkasai ni Mkasai tu, arudi kwao. Rémy alilijua neno lile tangu utotoni. Akamtazama Mama Mwadi aseme kwamba ndiye aliyemwita. Mama Mwadi akatazama chini.

Basi Rémy akawaomba waingie wajionee wenyewe. Akamuuliza Mamie modemu ya wifi iko wapi, naye akaonyesha kantini la mama yake, sanduku kubwa la chuma. Mama Mwadi akasimama mbele ya sanduku, Kalenga akamsogeza, akalifungua. Modemu ya betri ilikuwa ikimetameta juu ya nguo zilizokunjwa, masufuria, karatasi za nyumba na picha zilizobanduliwa ukutani. Papo hapo mashine ikashika, vijiti vyote. Chuma kilikuwa kinaziba mtandao, shida haikuwa nyingine.

Lakini hakuna aliyejali mashine. Mtu habandui picha ukutani bila kujua siku ya katapila, na anayejua siku ameambiwa na watu wa mgodi. Kalenga akauliza ni nani aliyemwambia. Macho yote yalikuwa yamemwacha Rémy, naye akashusha pumzi, kisha akaona haya kwa pumzi ile.

“Ni mi nilimwambia afunge bitu,” akasema Rémy, na hakuwa amemwambia lolote.

“Juu ya nini?” Kalenga akataka sababu.

“Mu nonante-trois siye hatukufunga. Unakumbuka, tata Kalenga. Ulikuwa pale.”

Kalenga alikuwa kijana wa miaka ishirini mwaka ule wa tisini na tatu, na alikumbuka fimbo zile. Akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Rémy akatoa modemu akaiweka juu ya kantini. Mamie alikuwa ameshaanza kucheka na rafiki zake Rémy alipofika mlangoni. Hapo Mama Mwadi akamshika mkono.

“Banakuya lundi, tata.”

Wanakuja Jumatatu. Kumbe alijua kweli, na yeye amemtetea mbele ya watu! Rémy akaondoka kwa hasira bila kuaga. Alikuwa katikati ya njia ilipomjia kwamba mwaka ule wa 1993 hakuna jirani hata mmoja aliyewaambia siku. Zilikuwa zimebaki siku nne. Akageuka, akabisha hodi kwanza kwa Kalenga.