Ushuhuda wa Kiungulia

Mume wangu ana sauti nene ya besi na koo la mtoto mchanga. Akiimba kwaya, mabati ya kanisa letu hapa kambini Dzaleka, Malawi, yanatetemeka. Akila pilipili kidogo tu, anakaa kitako ameshika kifua utadhani amefiwa. Kiungulia hicho alitoka nacho Bukavu. Tulikimbia tukaacha nyumba, vyombo na mashine yake nzuri ya kushonea, lakini kiungulia kilipanda gari pamoja nasi, na mpakani hakuna aliyekiuliza kitambulisho.

Kwa miaka mingi dawa yake imekuwa omeprazoli, ya kupunguza asidi. Kinini kimoja kila asubuhi kabla ya chai. Sisi watu wa Kivu kidonge chochote tunakiita kinini. Yeye anameza, mi nawasha mkaa, na chai ikiiva dawa imeshatangulia tumboni. Hakuwa mtu wa kulazimishwa. Baba yake mzazi alikuwa na kiungulia kama hiki, hakutibiwa, na mwishoni koo likakataa. Kwanza lilikataa nyama, halafu bugali, halafu hata uji. Mzee alikufa na njaa katika nyumba yenye chakula, na mume wangu, kijana wakati ule, njo, yaani ndiye, alikuwa akimshikia kikombe.

Sasa ikaja sauti ya kwenye simu. Iliingia katika kundi la wanakwaya, sauti ya mwanamume anayeongea kama msomi, asiyesema yeye ni nani wala yuko wapi. Akasema wanaomeza dawa ya asidi miaka mingi, mifupa yao inaliwa polepole mpaka inavunjika kama biskuti. Wanakwaya wengine walisikiliza wakaendelea na mambo yao. Mume wangu ni fundi cherehani, na mashine yake ni ya kukanyaga. Miguu yake njo chungu chetu.

Kuanzia hapo nikawa naishi na mpelelezi wa mifupa. Anakanyaga mashine, anasimama, anatega sikio.

"Unasikia hilo goti?"

"Nasikia. Hata siku ya harusi lililia, ukasema ni furaha."

"Mama, usicheke. Ile dawa inanikula."

"Basi nenda umuulize dokta, papa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu njo hilo hilo unaloogopa."

Hakwenda. Kanisa likatangaza juma la mfungo na maombi, naye akafunga, na pamoja na chakula akaweka chini kinini. Tumbo tupu likamdanganya. Alijisikia mwepesi, akaamini amepona.

Kwetu ushuhuda si jambo dogo. Ukisimama mbele ya kanisa ukasema Mungu amekutendea, wamama wanapiga vigelegele, vitenge vinapepea, na neno lile linakuwa lako mpaka uzeeni. Watakusalimia nalo sokoni. Jumapili ile mume wangu akasimama na suti aliyojishonea mwenyewe.

"Bwana asifiwe! Ndugu zangu, mi nilikuwa mtumwa ya kinini. Leo niko huru!"

Akaitupa boksi ya dawa chini mbele ya madhabahu. Mama mmoja mzee wa mstari wa mbele, ambaye Amina yake husikika mpaka barabarani, alipiga vigelegele kitambaa kikamdondoka kichwani. Mi pia nilipiga makofi. Ungefanyaje? Unapiga makofi huku meno umeyauma.

Haukupita muda kiungulia kikarudi, na safari hii kilikuja na ndugu zake na mashemeji. Hakikuwa kile cha zamani. Asidi ilimpanda hata akinywa maji. Katikati ya mazoezi ya kwaya besi ilikatika, akawa anakohoa na kusingizia vumbi. Kliniki ya kambi iko karibu, lakini mtu aliyetangazwa huru atapangaje foleni na watu wale wale waliompigia makofi? Akawa anakunywa maziwa, anatafuna muhogo mbichi, anaweka majora ya vitambaa chini ya mto ili alale kichwa juu. Kitanda chetu kilikuwa kimepanda mlima.

Halafu mezani akaanza kumega tonge dogo dogo. Anatafuna, anatafuna, anasukuma na maji. Mi nikawaka.

"Kama bugali yangu ni mbaya, sema!"

"Bugali iko sawa, mama."

"Mbona unaimega kama unalisha kifaranga?"

Aliangalia sahani, na shingo yake nikaiona ikijitahidi. Baba mkwe sikumkuta duniani, lakini wakati ule nilijua ninachokiona. Niliogopa, na hasira yote ikaniishia mikononi.

"Kesho tunakwenda Lilongwe kununua nyuzi," nikamwambia.

Nyuzi zilijaa kwenye droo na alijua. Hakubisha hata neno moja. Mtu anayebishana na mimi mpaka juu ya chumvi! Kule kutobisha kulinitisha kuliko kikohozi.

Tulikwenda kwenye kliniki ndogo ya Area 18, mbali na kila mtu anayesema Amina. Dokta alikuwa mwanamke Mmalawi, mpole, mwenye macho ya mtu asiyedanganywa. Mi nauza nyanya sokoni, Chichewa ninacho; mume wangu, kwa ninavyomjua, alikuwa na "zikomo" ya kushukuru na "nsima" ya kula tu. Nikawa mkalimani.

Nilitaka dokta aitukane ile sauti ya simu. Hakuitukana, na mi nikaudhika. Alisema ina ukweli ndani yake, ila imekuzwa. Wapo wanaomeza dawa hii miaka mingi, hasa kwa kipimo kikubwa, ambao mifupa hulegea kidogo, au damu yao hupungukiwa vitamini na madini fulani, au tumbo lao huharisha upesi. Njo maana yeye hapendi mtu ameze kwa mazoea tu bila kuuliza kama bado anaihitaji. Wengi wanaweza kupunguza na hata kuacha. Lakini polepole, na dokta akijua. Tumbo lililozuiliwa miaka mingi ukiliachia ghafla, linamwaga asidi kwa hasira kwa majuma kadhaa.

Kisha akauliza juu ya baba yake. Mume wangu akaeleza, nami nikatafsiri: nyama, bugali, uji, kikombe.

"Na wewe," dokta akauliza, "ni nini kinachokwama?"

Nilitafsiri nikiangalia ukuta.

"Bugali," akasema. "Tangu niache dawa. Nilificha kwa ajili ya ushuhuda."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Niliumeza msemo huo palepale, kwa sababu nilikuwa nimeushika mkono wake na ulikuwa baridi.

Dokta akatuandikia kwenda hospitali kubwa kupimwa kwa kamera inayoshuka kooni. Tuliporudi kwake na majibu, alisema kuna vidonda, na njia imeanza kubana, lakini haijafunga. Akaweka mikono miwili juu ya meza. Mkono huu, akasema, ni mifupa: tunaweza kuilinda, tutapima damu mara kwa mara, ule dagaa wa usipa na maziwa, utembee juani, na vidonda vikipona tutashuka mpaka kipimo kidogo kinachotosha. Na huu mwingine ni koo: likifunga, hakuna cha kulinda tena. Mwingine ningemwambia aache. Kwako wewe koo ni zito zaidi.

Mume wangu akasema, "Ni kama bitana ya koti. Inaongeza uzito, lakini ukiitoa, kitambaa kinaisha." Nikatafsiri, na dokta akasema ndiyo, hivyo hivyo.

Nikaona nafasi yangu. Nikamgeukia mume wangu kwa sura ya ukalimani. "Dokta anasema pia uache pilipili, usile na kulala palepale, na usimjibu mke wako ukali."

"Zikomo kwambiri, adokotala," akasema, kisha akaendelea kwa Chichewa kilichonyooka kama rula kwamba hilo la mwisho, la kutomjibu mke ukali, yeye hakulisikia kinywani mwa dokta. Ala! Miaka yote hiyo ananituma mimi kujibizana na wateja! Dokta alicheka mpaka akavua miwani, akasema basi hilo naye analiandika.

Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, akasimama. Mi sikuwa nimeambiwa. Suti ile ile.

"Ndugu zangu, mi nilishuhudia hapa kama nimepona. Sikudanganya, niliwahi tu. Papa yangu alikufa akiangalia chakula. Mi nilianza kufuata njia yake, na nikawaficha nyinyi, nikamficha na mke wangu. Mungu ananiponya, lakini ananiponya na kinini."

Akatoa kinini mfukoni, akachukua gilasi ya maji ya mchungaji bila kuomba, akameza mbele ya kanisa zima. Hakuna kigelegele. Unasikia mabati yakilia kwa jua. Kisha yule mama mzee wa mstari wa mbele akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kidonge chake mwenyewe, cha nini sijui, akainua mkono.

"Mwanangu," akasema, "niachie na mi hayo maji."

Kanisa likaangua kicheko, na vigelegele vikafuata.

Nyumbani nilipika bugali laini na sombe ya majani ya muhogo, isiyo na pilipili hata kwa harufu. Akamega tonge, akachovya, akaweka kinywani. Mi nilishindwa kula. Nilikaa nikiangalia shingo yake.

"Unaangalia nini?"

"Limepita?"

Akanywa maji kidogo, akangoja.

"Limepita," akasema. "Kula na we."